Mkate wa Benchi la Nyuma

Kabla hajawekwa chini ya nidhamu ya kanisa, mama ndiye aliyeoka mkate wa Meza ya Bwana. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikanda unga jikoni kwetu Majengo, akitukataza kumsemesha, maana mkate huo, alisema, haukandwi na mutu anayewaza mambo mengine.

Kisha dada yangu akapata mimba bila kuolewa. Kanisani kwetu mama huadhibiwa pamoja na binti. Wakamwambia arudishe kikwembe, kile kitenge cha sare ya kwaya, wakampa benchi la nyuma, karibu na mlango, wanapokaa waliofungiwa Meza.

Mimi nilikuwa nimeacha kuamini tangu mwaka wa pili wa chuo kikuu. Nilimsindikiza tu, kwa sababu mawe ya volkano yaliyojaa njiani yanamsumbua miguu. Lakini mtoto wa dada alizaliwa, akaanza kukaa, na bado Meza ilimpita mama kila mwezi. Siku hizo alikuwa harudi na hamu ya chakula. Nikaenda kumwona mchungaji.

"Asimame mbele ya kusanyiko, aseme alimlea binti yake vibaya," akaniambia. "Dakika mbili tu. Hatuna kinyongo na mama."

"Na yule kijana aliyempa mimba, papa mchungaji? Si anawapigia gitaa kila Jumapili?"

"Anakana, mwanangu. Tutafanya nini? Tumbo ndilo lililoonekana."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionikera zaidi.

Mama alinisikiliza huku akimvika mjukuu soksi. "Nikisema hivyo," akajibu, "huyu akikua ataambiwa bibi yake aliomba msamaha kwa sababu yeye alizaliwa. Sitasema. Nitangoja."

"Utangoja mpaka lini?"

"Wewe na maswali yako. Nishikie huu mguu."

Ikaja wiki ya uamsho. Walitundika bango jipya, wakaalika mhubiri mgeni, vipaza sauti vikaongezwa viwili. Jumapili ya kufunga wiki hiyo, nilikaa na mama benchi la nyuma. Shemasi alipofika na sahani alimruka mama bila kumtazama, akaninyooshea mimi. Jina langu lilikuwa bado kwenye orodha ya walio safi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naamini. Na mimi ninayehoji kila kitu, hilo sikuwahi kuwaambia.

Nilichukua kipande, nikakitia mkononi mwa mama. Akakirudisha, akanifunga vidole kimoja kimoja.

"Mimi nitakula siku watakayonipa wenyewe. Kula."

Nikala.

Akaniinamia sikioni. "Walitia chumvi?"

"Hapana, mama."

"Nilijua. Yule mama mupya wa mkate hakuonyeshwa. Wangenituma tu nimuonyeshe, nisingeugusa."

Akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika kwa kilio. Nikamshika mkono.

Mhubiri, kule mbele, akatuona. Akanyoosha kidole juu ya vichwa vya watu wote.

"Mwoneni yule mama," akasema kwenye kipaza sauti. "Moto wa Bwana umefika mpaka benchi la nyuma."

Watu wakageuka wakitabasamu, wakapiga makofi. Na gitaa likaanza.