Shairi la Sikio Moja

Mama yangu hunong'ona kwa nguvu. Ukikaa naye kanisani utajua, maana mhubiri akitua kupumua tu, sauti ya Mama inafika benchi la nyuma. Tabia hiyo aliitoa kiwandani. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye kiwanda cha matunda ya mkebe, pale Eneo la Viwanda Thika, amesimama na wanawake wenzake kando ya mkanda uliopita na vipande vya nanasi. Mashine zilinguruma kutwa. Ukitaka kumwambia mwenzako kitu, ulimwekea mdomo sikioni na kuukinga kwa kiganja.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa namngoja langoni jioni. Mpaka leo nikifunga macho naipata ile harufu ya sukari ya nanasi, nzito, imelala juu ya barabara, na wanawake wanatoka ndani yake mmoja mmoja bila haraka. Nilidhani kila mtoto ana mama anayenukia hivyo. Usiku vidole vyake viliendelea kuchagua matunda juu ya blanketi, mabovu huku, mazuri kule, na mimi nikivitazama mpaka usingizi unichukue.

Pale kwenye mkanda walikuwa na desturi yao. Mwanamke akiacha kazi, awe anaolewa, anastaafu au anahamia mbali, siku yake ya mwisho aliagwa kwa shairi. Wa kwanza kwenye mkanda alitunga mshororo mmoja akamnong'oneza wa pili. Wa pili aliongeza wake akampa wa tatu. Mwenzao mmoja Mwislamu, aliyelelewa na mashairi kwao karibu na msikiti, ndiye aliyewafunza vina vishikane. Shairi lilipofika kwa wa mwisho, alimwendea anayeondoka na kulitia lote sikioni mwake. Basi. Anayeondoka hakuuliza nani alitunga nini, wala hakulirudia kwa mtu mwingine. Lilikuwa lake.

Mama naye aliagwa hivyo alipostaafu. Alirudi nyumbani Kamenu, akaweka maji ya chai jikoni, akasahau kuyaondoa mpaka yakakauka. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Mimi nami ni mshairi, ila ni mshairi wa simu. Najirekodi nyumbani kwangu Ruiru, dirishani ambako mwanga unanipendelea, halafu natuma mtandaoni. Wananifuata maelfu. Siwezi kusema uongo, raha yake naijua: unaamka asubuhi unakuta mioyo myekundu imekungoja kabla hujanawa uso. Lakini zikipita siku mbili bila kutuma, wananisahau kabisa, nami najiona kama nimefutwa. Basi nikawa natuma hata nisipokuwa na la kusema.

Ndiyo maana nililitaka shairi la Mama. Nilikuwa nimealikwa kusoma kwenye ukumbi mmoja Ruiru, juu ya maduka, na walioandaa walisema nikifanya vizuri watanipeleka jukwaa kubwa Nairobi. Nikatangaza kwenye simu, kwa mbwembwe zote, kwamba siku hiyo nitasoma shairi la kiwandani ambalo halijawahi kusikika. Nilitangaza kwanza, ndipo nikaenda kuomba.

Mama alikataa. Nilirudi Jumapili iliyofuata na ndizi, akapokea ndizi akakataa. Nilirudi tena. Nilimwambia kumbukumbu za wazee hupotea, na siku yake ikifika shairi litazikwa naye bila mtu kulijua. Hapo nilikasirika kweli, nikasema ni uchoyo. Yeye aliendelea kuchambua mboga.

"Hao watu wako wote," akaniuliza, "kuna mmoja alijua ulikuwa na homa juzi?"

Nilitaka kusema kwamba niliituma hiyo homa, na watu wengi wakaipenda.

Wiki zile Mama alikuwa haonekani nyumbani. Nikipiga simu, mara yuko Murera kwa rafiki yake wa kiwandani aliyenunua shamba huko, mara yuko mjini kwa yule Mwislamu aliyewafunza vina, mara anamtazama mwingine ambaye miguu imekataa. Nilifikiri anatembea tu, kama wazee wanavyotembea wakipata nafasi.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa, muziki ukapigwa mpaka vioo vikatetemeka, na watu walikuwa wameinua simu kabla hata sijaitwa. Nikamwona Mama mlangoni, amejifunga leso yake nzuri, mkoba kifuani. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilijua amekubali.

Alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa nimesimama, kando ya jukwaa. Katika kelele ile hakusumbuka hata kidogo. Alikinga kiganja, akaweka mdomo sikioni mwangu, akasema shairi lote.

Halikuwa lake. Lilikuwa na jina langu la utotoni, na lile lango nilipokuwa nikimngoja. Kila mshororo ulikuja na mwendo wake: mmoja ulitembea kama dua, mmoja ulinicheka, mmoja ulichechemea kidogo na kufika. Nikaelewa Murera alikwenda kufanya nini. Niliona ule mkanda mzima umesimama nyuma yake, wazee sasa, kila mmoja ameinama kwa mwenziwe, na harufu ya nanasi ikanijaa puani.

Wakaniita jukwaani. Nikapanda, nikasema shairi nililowaahidi sinalo la kuwapa. Watu wakanung'unika, wengine wakacheka wakidhani natania. Halafu simu zikaanza kushuka, na nyuma yake kulikuwa na nyuso. Nilisoma kitu changu cha zamani na kushuka. Habari za Nairobi hazikutajwa tena.

Nilimsindikiza Mama hadi stendi. Machozi yalikuwa karibu na sikuona haya. Nikamwambia lile ni shairi la kumuaga mtu anayeondoka, na mimi siendi popote.

Mama aliutengeneza mkoba wake begani, akanitazama kwa huruma.

"Wewe ulienda kitambo, mami," akasema. "Ni vile tu hatukuwa tumekuaga."

Gari la Thika lilikuwa limebakisha nafasi mbili. Nikapanda naye.