Chupa ya Encruzado ndani ya friji yangu imeharibu posa ya mjukuu wangu

Wakuu, assalaam alaykum.

Mimi ni mzee, Mzanzibari wa Nizwa, huku Omani, shule yangu iliishia sekondari. Haya yamenipata mwenyewe juzi juzi, na nitayaeleza bila ya kujipendelea.

Nina vyumba viwili uani nakodisha kwa watalii. Akaja Mreno mmoja, kijana mpole. Siku ya kuondoka akanikabidhi chupa ya mvinyo mweupe.

Nikamwambia sisi hatunywi. Akasema anajua, lakini ni zawadi, si lazima ninywe.

Akaanza kunieleza. Zabibu yake inaitwa Encruzado, inalimwa kwenye vilima vya kwao, hata Wareno wengi hawaijui, na hii kaichuma mama yake kwa mkono wake. Inanukia ndimu na maua, na ikiwekwa miaka inazidi utamu. Ungedhani ananiachia mtoto nimlelee.

Nikaona haya. Nikaipokea.

Alipotoka tu ningeimwaga msalani, mambo yakaisha. Badala yake nikajiambia nitampa Mzungu atakayefuata, kana kwamba hilo nalo si kosa. Nikaizungushia gazeti, nikaisukuma nyuma ya maziwa ya laban kwenye friji, nikasahau.

Tena friji ya nyumbani, wakuu. Si hata ile ya wageni.

Ijumaa wakaja watu wa mji wa Ibra kumposa Raya, mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe. Nao asili yao Unguja, watu wa dini, watu wa heshima zao. Bibi wa kijana anayeposa, Bi Zuwena, si mtu wa kukaa akangoja kuhudumiwa. Akaingia jikoni kumsaidia Raya, akafungua friji.

Akaja nayo mpaka mlango wa majlisi, tulipokaa wanaume.

"Bwana Seif, hii nini? Maandishi yake siyajui."

Ningeinuka nikamnong'oneza ukweli. Mdomo ukatangulia.

"Siki hiyo. Siki ya zabibu."

"Afadhali. Kachumbari yenu imepooza."

Akarudi jikoni. Mimi nimekaa na wanaume, AC inavuma na jasho linanitoka. Najiambia nainuka sasa hivi. Siinuki.

Kachumbari ikaletwa, ikawekwa kando ya sinia la biriani. Mzee wao, babu yake kijana, akasema bismillahi, mkono ukaenda.

Nikalivuta lile bakuli. Nikawaambia wasile, mna mvinyo.

Hapo nikaeleza yote: Mreno, vilima vya kwao, mama yake, Encruzado. Na kila nikieleza nazidi kujichimbia. Mtu anayejua mpaka jina la zabibu na harufu yake, nani atamwamini kuwa hanywi?

Yule mzee akanitazama. "Wazee wetu waliwatoa Wareno Maskati kwa upanga. Wewe umewaweka kwenye friji."



Lakini aliyenimaliza ni Bi Zuwena, keshafika mlangoni. "Chupa ningekusamehe, Seif, mgeni kakuletea. Lakini umeniacha niwatilie wanangu kwa mkono wangu, na wewe umekaa kimya."

Wakanawa mikono, wakaondoka. Halua haikufunguliwa hata kifuniko.

Mpaka leo hawajasema ndiyo, hawajasema hapana. Nikipiga simu hazipokelewi.

Nilichojifunza: kitu usichokitaka nyumbani kwako kikatae mlangoni, hata mwenyewe akikieleza vizuri namna gani. Na ukishaulizwa, sema kweli kikiwa bado jikoni. Mimi nilingoja mpaka kikafika kwenye sinia.

Sasa nauliza. Niende Ibra mwenyewe, au nimtangulize mtu mzima mwingine aniombee radhi? Wenye uzoefu wa mambo ya posa, nishaurini.

Wa kunilaumu pia karibuni, ila nilaumuni kwa Kiswahili. Raya tangu siku ile ananijibu kwa Kiarabu tu, na humu ndani nilikuwa na yeye peke yake wa kuzungumza naye lugha hii.