Kioo cha Helikopta ya Marehemu

Mume wangu ni fundi miwani, na kwa kujisifu hana mpinzani. Kwa hiyo wifi yangu, dada yake mkubwa, alipomletea helikopta ndogo ya plastiki amalizie kuiunda, mume wangu alisema kazi hiyo ni ya kufumba na kufumbua.

Aliyeiunda ni marehemu mume wa wifi, aliyekuwa rubani. Ndani aliketisha watu wawili wadogo kama punje za mchele: yeye kwenye usukani, na mkewe pembeni, kavaa gauni jekundu. Kilichobaki ni kubandika kioo cha mbele, ganda jembamba la plastiki inayoonyesha.

"Vumbi lisiwaingie," wifi alisema. "Nataka nikiamka nimwone."

Kazi hiyo hutaka gundi nyeupe ya maji, nayo hukauka polepole. Mume wangu alijua. Lakini aliiweka kiporo mpaka wifi akawa njiani, ndipo akachukua supaglu, ile gundi inayoshika papo hapo.

"Hiyo ina moshi," nikamwambia.

"Fundi hapa nani?"

Nikamwachia ufundi wake, nami kuachia si kazi yangu.

Moshi wa gundi ukatanda ndani, kioo kikawa cheupe kama kimepuliziwa pumzi. Akapangusa kwa nje, wapi! Na gundi imeshashika; akiking'oa kwa nguvu, atawavunja wale wawili.

Wifi akaingia, akaibeba mpaka dirishani. Akaigeuza, akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali.

"Mdogo wangu, simwoni."

Mume wangu akajifanya anapanga fremu za miwani.

"Basi macho yangu ndiyo yameisha. Hebu nipime."

Nilidhani sasa atasema ukweli. Wapi! Mwanamume mzima akatoa lenzi zake, akaanza kumpima! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wifi akasoma herufi zote ubaoni, hadi zile za chini kabisa ambazo mimi huzibahatisha. Kisha akaitazama tena helikopta, akamtazama na mdogo wake.

"Kumbe naona vizuri," alisema.

Mume wangu akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona mdogo vile. "Ni gundi, dada. Nilikosea gundi. Nilikuwa na haraka, nisamehe."

Wifi aliketi, helikopta mapajani, akipitisha kidole juu ya ule weupe.

"Gauni lile," alisema, "marehemu alilipaka rangi akiwa kitandani, hawezi hata kuinuka. Na yeye ndiye aliyekuwa hana muda, ila hakufanya haraka."