Darasa Zima la Madaktari na Mbuzi Mmoja

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: mtu asiye na kazi atawashaurije watoto kuhusu kazi? Niliiweka shuka kichwani, nikaitoa, nikaligeuza swali upande huu na ule kama chapati iliyogoma kuiva, hadi majogoo ya ploti ya nyuma yakaanza fujo zao. Asubuhi mama alinikuta jikoni nimeshika kikombe kitupu.

"Unangoja nini?"

"Ninafikiria kama ninywe chai kabla ya kuamua ama niamue kwanza."

"Wewe nawe," akasema. "Hata chai unaiitia mkutano."

Mama hana subira na watu wanaofikiria. Alitoka magharibi mwa nchi na begi moja, akaajiriwa afisi ya uhasibu huko Athi River, akapanga nyumba Kitengela, akanilea, na sijawahi kumsikia akijiuliza kama alifanya vizuri. Mimi nina shahada ya takwimu. Niliisomea kwa sababu nilipita hesabu vizuri sana, na kwetu pointi haziachwi zilale. Shangazi alisema kusomea kitu kingine ni kumwaga maziwa mtoni. Kwa hivyo sikumwaga. Nikasoma, nikavaa joho, nikapigwa picha na kila jamaa aliyekuwa na simu, nikarudi kwa mama. Faida ya masomo yangu ni kwamba ninaweza kukokotoa uwezekano wa mimi kupata kazi. Singependekeza mtu yeyote ajue hesabu hiyo.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari msingi, upande wa barabara ya kwenda Isinya, husali kanisa moja na mama. Mwalimu wake wa ushauri alikuwa amejifungua, na Gredi ya Tisa walitakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari pevu: sayansi na teknolojia, ambayo kila mtu huiita STEM, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mkondo ukishachaguliwa, kuubadilisha ni vita. Mama akanitoa sadaka.

"Hiyo kazi ni rahisi," mwalimu mkuu aliniambia. "Unawaambia wachague STEM, unawajazia kwa kompyuta, unakula lunch, unaenda nyumbani. Ukimaliza vizuri nitakuandikia barua ya kukusifu."

"Na wasiotaka STEM?"

Alinitazama kama niliyeuliza nani hataki kwenda mbinguni.

Siku ya kwanza, msichana mmoja alikuja mbele yangu mlangoni mwa darasa na kuinamisha kichwa. Nilidhani ameangusha kitu. Nami nikainama, tukaitazama sakafu pamoja kwa muda, vichwa vikikaribia kugongana.

"Ticha, unatafuta nini?" akauliza.

"Chako. Umeangusha nini?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nimeishi Kitengela miaka mingi, na nilijua vizuri kwamba mtoto wa Kimaasai humwinamia mkubwa, na mkubwa humgusa utosini. Nilikuwa nimeona kitendo hicho mara nyingi. Ila hakuna aliyewahi kuniinamia mimi. Nilikuwa bado sijaarifiwa kwamba nimekuwa mkubwa. Kuanzia hapo, kila aliponiinamia nilijifanya nimebeba vitabu mikono yote miwili. Kumgusa mtoto kichwani ni kama kutia sahihi, na mimi sitii sahihi nisichokielewa.

Msichana huyo ndiye aliyekuwa akiongoza darasa kwa alama. Pia ndiye aliyekuwa akitangaza mechi za shule, akiwa amesimama juu ya dawati bila kipaza sauti, kwa Kiswahili, Kimaa na Kiingereza, kutegemea ni nani anayetukanwa. "Mwalimu wa zamu anapokea mpira! Anautazama! Anauuliza, kijana, mzazi wako ako wapi? Lo, umepita! Umempita kama likizo!" Hata mwalimu wa zamu alicheka, kisha akakumbuka cheo chake.

Sasa, mimi nikikabidhiwa kazi rahisi huigeuza iwe ngumu ili nijisikie nyumbani. Nilikataa kuwaambia wachague STEM tu. Nikatengeneza hojaji. Ilikuwa hojaji nzuri sana. Unapenda kushughulika na watu, vitu au mawazo? Ukiwa na siku nzima peke yako ungefanya nini? Ni jambo gani unaloweza kulifanya bila kuchoka? Nilipanga majibu yajumlishwe na mwishoni kila mtoto atokee na kazi inayomfaa. Niliigawa, nikaketi mbele ya darasa, nikasikia kalamu zikikwaruza, na kwa mara ya kwanza tangu nivue joho nilijiona mtu wa maana.

Nilipojumlisha, darasa zima lilitokea madaktari.

Nilidhani nimekosea hesabu. Nikarudia. Madaktari. Wote wanapenda watu, wote wakiwa na siku nzima peke yao wangesoma biolojia, wote hawachoki kusaidia wagonjwa. Hata mpangilio wa maneno ulifanana, na wengi walikuwa wameandika "wangonjwa" kwa kosa lile lile. Karatasi moja tu ilitofautiana. Mvulana wa nyuma alijibu kila swali kwa neno moja: mbuzi. Unapenda kushughulika na nini? Mbuzi. Siku nzima ungefanya nini? Mbuzi.

Kesho yake niliwauliza kilichotokea. Sauti moja ikasema, "Ticha, hatukujua jibu lenye ni sawa."

"Hakuna jibu sawa. Ni maswali kuhusu wewe."

"Sawa ticha. Lakini sawa ni gani?"

Hawa watoto wamefanya mitihani tangu wakiwa na meno ya maziwa. Karatasi ikiwa na maswali, basi ina majibu, na majibu yako kwa aliye namba moja. Walifanya kitu cha busara: walinakili kutoka kwa yule msichana mtangazaji. Jibu la unapenda nini katika maisha lilipita dawati kwa dawati chini kwa chini, nami mbele yao nikisikiliza kalamu kama muziki.

Mwalimu mkuu alifurahi kupita kiasi. "Wote madaktari? Si nilikwambia? STEM mia kwa mia!" Akatoka kwenda kuagiza bango la kuning'inizwa langoni. Kitengela bila bango hakuna ukweli. Hata mahindi ya kuchoma hapa yana bango.

Nilimwita yule msichana pembeni, karibu na tangi la maji.

"Wewe unataka kuwa daktari?"

"Ndiyo, ticha."

"Kweli?"

"Papa alisema."

"Na wewe?"

Alitazama uwanja, ambako wadogo walikuwa wakipiga mpira wa makaratasi. "Mimi nataka kutangaza," akasema polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Lakini mwenye kutangaza lazima asomee lugha, si STEM. Na Papa alisema daktari mbele ya wazazi wote. Siwezi kumwangusha."

Basi shida haikuwa ndogo tena. Darasa zima lilikuwa linaelekea kusomea ndoto ya mtoto mmoja, na hata kwa mtoto mwenyewe haikuwa yake. Muda wa kujaza ulikuwa unaisha mara tu baada ya mapumziko ya katikati ya muhula. Nilimpigia babake simu, nikaanza kueleza, nikaeleza maelezo, nikaeleza kwa nini nilikuwa naeleza.

"Njoo Kajiado siku ya mnada," akanikatiza. "Simu inakula maneno."

Nilimpata sokoni katikati ya mbuzi, koti juu ya shuka, redio ndogo imening'inia shingoni, akibonyeza mgongo wa mbuzi mmoja kama mtu anayechagua parachichi. Binti yake alikuwa kando yake, amenyamaza kuliko nilivyowahi kumwona.

"Takwenya," mzee akanisalimu.

"Iko," nikajibu, na Kimaa changu kikaishia hapo.

"Wewe ndiye mwalimu wa kuchagua?"

"Mimi si mwalimu hasa, mzee, ninashikilia tu kwa muda, yaani—"

"Ndiye," msichana akasema.

"Ulisomea nini?"

"Takwimu."

"Na unafanya kazi wapi?"

"Bado natafuta."

Akaniacha na kumbonyeza mbuzi tena. Nikahisi tumelinganishwa na nimeshindwa. "Unatafuta wapi?"

"Kwa mtandao. Nikiwa nyumbani."

"Si mbaya," akasema. "Hata mimi ng'ombe akipotea naanzia kumtafuta karibu na kitanda."

Binti alicheka puani. Nikaamua kusema kabla sijabadili mawazo, jambo ambalo huwa linanichukua kama dakika moja. "Mzee, mtoto wako aliandika kwamba atakuwa daktari kwa sababu wewe ulisema. Sasa darasa zima limeandika hivyo kwa sababu yake. Naomba kujua, wewe ulichagua daktari kwa nini?"

Mzee alimwachilia mbuzi. Alitazama kushoto na kulia, kama anayetaka kuhakikisha hakuna mnunuzi anayesikiliza.

"Ule mkutano wa wazazi," akasema. "Mwalimu mkuu alituzungukia na kuuliza, mzazi, mtoto wako atakuwa nani. Mimi sikuwa nimejitayarisha. Karibu na mimi kulikuwa na huyo Mkikuyu wa duka la mabati. Yeye akasema daktari. Watu wakapiga makofi. Ikafika kwangu. Ningesema nini? Mbuzi?"

Msichana na mimi tulitazamana. Ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Tulipomweleza mzee kuhusu mvulana wa nyuma, akauliza kwa dhati kabisa, "Huyo ni mtoto wa nani? Huyo ana akili."

"Papa," msichana akasema, kicheko kikimpa nguvu, "mimi nataka kutangaza mpira."

Mzee akakunja uso. "Kutangaza ni kazi? Nani anaajiri mtu kupiga kelele?"

"Na huyo uko naye shingoni kila Jumapili?"

Mzee akaishika redio. "Huyu? Huyu ni mtu wa Nairobi."

"Hata yeye alizaliwa mahali."

Mzee aliishikilia redio kama aliyegundua kuwa ndani yake kuna mtoto wa mtu. Kisha akafanya jambo nililokuwa nikiliogopa tangu usiku ule wa shuka. Alinigeukia.

"Wewe ndiye umesoma. Mwambie achague nini."

Kichwa changu kikafungua jedwali la hesabu. Madaktari wanaopata kazi, watangazaji wanaopata kazi, wasichana wa Kajiado wanaofika redioni, watoto wanaowalaumu washauri wao wakiwa watu wazima. Nikapanga safu wima na safu mlalo. Mbuzi mmoja akaanza kutafuna kona ya mkoba wangu na sikumzuia.

"Sijui," nikasema. Nilingoja "lakini" ije, maana kwangu huwa haikosi. Haikuja.

Mzee alitikisa kichwa kwa heshima, nadhani. "Mtu wa soko akisema hajui bei, mara nyingine ni mkweli." Akamgeukia binti yake. "Mimi sijasema ndiyo. Nimesema ukichagua kelele, uzisome vizuri. Nisikie aibu mara moja tu, si mara mbili." Msichana akainama, naye mzee akamgusa utosini bila hata kumtazama, akarudi kwa mbuzi wake.

Jumatatu nilikuta bango limeshaning'inizwa langoni, jekundu, likipigwa na upepo: STEM MIA KWA MIA. Mwalimu mkuu alikuwa chini yake akijipiga picha.

"Leo ni kujaza tu," akaniambia. "Usituanzishie maneno. Wazazi wa mwaka ujao watapita hapa wasome. Na barua yako nimeanza kuiandika."

Nilienda chumba cha walimu, nikawasha kompyuta ya shule, nikaketi mbele yake. Majina yote yalikuwa pale, na kando ya kila jina nafasi tupu. Ningeweza kumaliza kabla ya uji. Mama asingeaibika kanisani, barua ningeipata, bango lingesema kweli, na hakuna mtoto angejua kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti. Niliwaza pia upande wa pili: pengine kila mmoja wao angechagua vibaya zaidi akiachiwa. Hilo linawezekana sana. Mimi mwenyewe sikuachiwa nichague, na tazama nilivyofika.

Niliinuka, nikageuza kiti kingine kikatazama dirisha lenye tangi la maji, nikafungua mlango na kuita wa kwanza.

Alikuwa yule msichana. Aliingia, akainamisha kichwa. Mikono yangu haikuwa na vitabu. Nikamgusa utosini, haraka, kama mtu anayepima kama pasi imepata moto.

"Keti pale," nikasema. "Bonyeza unachotaka. Mimi siangalii, na hakuna wa kunakili."

"Na nikikosea?"

"Umekosea wewe."

Nikaketi na kumpa mgongo. Bango lilikuwa likipigapiga kule langoni. Kisha nikamsikia akinong'ona, kwa sauti yake ya juu ya dawati aliyoipunguza hadi ikawa kama pumzi: "Anakaribia... yuko peke yake... anatazama kulia, anatazama kushoto..." Kidole kikagonga kitufe. Akapumua. Akatoka, akaingia wa pili, halafu wa tatu, na mimi nikaendelea kulitazama tangi. Yule wa mbuzi alipoingia aliuliza kama mbuzi wamo kwenye STEM. Nikamwambia kilimo kimo humo, asome mwenyewe. Akakaa muda mrefu, akisoma kwa sauti.

Mwalimu mkuu akafungua mlango, simu mkononi, bado akitabasamu kutokana na picha zake.

"Umemaliza kuwajazia?"

"Hapana, mwalimu," nikasema, bila kugeuka. "Wanajijazia."