Bibi Aliyelazwa Ndanda

Mjukuu wangu aliliongopea soko zima la Newala kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikiutembeza uongo wake bila kujua. Sioni haya kuusema sasa. Siku ile nilipogundua niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia kila mtu auze anachoweza. Wanunuzi binafsi wa korosho walipanda huku juu na malori yao, wengine wakaondoka na mzigo, wengine wakabaki. Mmoja aliyebaki, mtu wa bara, akakodi ghala lililokuwa tupu karibu na soko. Akapanga mabenchi, akaleta televisheni, deki na jenereta lililokuwa likikohoa kuliko mgonjwa wa kifua. Hilo ndilo likawa banda la video.

Filamu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza hapa petu nani alikuwa nacho? Mjukuu wangu. Nilimlea binti huyu mwenyewe tangu mama yake alipofariki, mtoto bado ananyonya. Nilimlea kwa uji na ukali. Mimi nilisoma ngumbaru tu, na mpaka leo herufi zangu zinakwenda kama kuku aliyekanyaga majivu. Yeye alimaliza kidato cha nne kule Masasi. Alipokuwa akisimama kando ya televisheni na maiki mkononi, Mzungu akisema neno, yeye tayari keshalileta Kiswahili, na sisi wazee akatutilia Kimakonde kidogo tusiachwe nyuma. Nilikaa benchi la mbele kila mara. Aliyetaka kukaa pale nilimwambia ahame, hilo ni la bibi wa mkalimani.

Mkanda uliotuua wote ulikuwa na sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilimleta kijana anayepita katika kuta kama moshi. Anavaa kinyago cheusi asijulikane, anaokoa watu, kisha anarudi nyumbani kwa bibi yake aliyemlea. Sisi tulimpa jina la Midimu, kama wale wachezaji wa vinyago wanaotoka watoto wakirudi kutoka jandoni. Na kama kwa midimu wetu, wanawake tulijifanya hatujui ni nani aliye ndani. Kijana akivua kinyago nyumbani kwake, sisi tunatazama pembeni, tunacheka.

Lakini mimi nilimpenda bibi. Mwanamke mkavu, mdogo, mkali. Mjukuu anarudi ameokoa mji mzima, yeye anamgombeza kwa kuchana shati. Niliwaambia wenzangu, "Huyu wamekosea tu kumzalia ulaya."

Sehemu ya pili, yule bibi akaanguka jikoni. Tukamwona kitandani, mjukuu kamshika mkono. Halafu wanaume waliovaa suti nyeusi wakampakia katika gari refu jeusi. Mjukuu wangu alikuwa na maiki mdomoni. Akanitazama. Kisha akasema, "Bibi amezidiwa. Hilo ni gari la wagonjwa. Wanampeleka Ndanda, atalazwa."

Banda likalipuka kwa kicheko na makofi. Ndanda, hospitali yetu ya misheni! Hata Wazungu wa kwenye televisheni wanakwenda kutibiwa Ndanda! Baadaye yule kijana akaonekana analia kwenye mvua. Mjukuu wangu akasema analia kwa sababu kamwacha bibi peke yake wodini, hana wa kumpelekea uji. Nililia na mimi.

Nani angejua? Hatukuwa tumeona gari la kubebea maiti. Huku kwetu maiti alibebwa na watu.

Basi kuanzia hapo mgonjwa akawa wetu sote. Nikipita sokoni, fundi baiskeli ananiita kutoka chini ya banda lake, "Shikamoo, Bibi! Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Marahaba. Anakunywa uji sasa."

"Atatoka lini?"

"Sehemu ya tatu. Atatoka, halafu utaona."

Mama mwuza maandazi alisema atakaporudi nyumbani afanyiwe kisomo. Mzee mmoja Mkristo akasema yeye keshamwombea kanisani, bila kutaja kwamba ni wa kwenye video. Na mimi, kwa kuwa mkalimani alikuwa wangu, nilijifanya nina habari zaidi ya wenzangu. Nilisema amehamishwa wodi. Nilisema daktari kasema moyo wake una nguvu. Maneno hayo niliyatunga mwenyewe, kwa majivuno tu.

Ndani ya mwaka huo mjukuu wangu akaanza kuchoka. Kwanza ndoo ya maji. Huku juu maji ni ya kufuata bondeni, na kupanda nayo kunataka pumzi. Akawa anapumzika mara tatu njiani, kisha mara sita, kisha nikamkataza. Miguu ikaanza kuvimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Akawa halali chali, analala ameegemea ukuta na mito miwili mgongoni.

Tulishuka Ndanda kwa lori la korosho. Alilazwa siku sita. Mimi nilikuwa nje na wenzangu wenye wagonjwa, tunapika. Siku ya kuruhusiwa daktari aliongea naye ndani, mimi nafunga masufuria. Akatoka na mfuko wa vidonge, anatabasamu.

"Wamesemaje?"

"Upungufu wa damu, Bibi. Na uchovu. Nitakaa sawa."

Nikamshukuru Mungu. Nikaanza kumpikia kisamvu na matembele, na kila akimaliza sahani nilihesabu nimeshinda.

Sehemu ya tatu ilichelewa. Basi lililobeba mkanda lilikwama kwenye matope ya barabara ya kusini, siku baada ya siku, na vijana walikuwa wakienda stendi kuulizia kama wanaosubiri ndugu. Walipofahamu umefika walikata makasha ya betri wakatengeneza vinyago, wakavipaka masizi. Ilikuwa Jumapili mchana, jua kali, watu wametoka kanisani na wengine wametoka kuswali, wote wamejipanga mlangoni.

Mwenye banda alipomwona mjukuu wangu anavyohema, akasema leo atatafsiri mwalimu mmoja. Wakakataa. "Bila dada hatuingii!" Fundi baiskeli alipanda juu ya tofali akapiga kelele, "Huyu dada ndiye aliyempeleka bibi hospitali, huyu huyu amtoe!"

Nilivimba kichwa. Nikamtengea kiti, nikamfunika mabega kwa kanga yangu, nikakaa mbele yake.

Picha ya kwanza kabisa ilikuwa makaburi. Nyasi, mvua, jiwe lenye maandishi. Yule kijana amepiga magoti, kinyago mkononi. Jenereta lilikuwa likinguruma nje.

Mjukuu wangu alikuwa anatazama jiwe lile. Mzungu akasema maneno, yakapita. Akasema mengine, yakapita.

"Sema, dada!"

Akavuta pumzi. Niliisikia katika maiki, ile pumzi, ikikwaruza. Akasema, "Hili ni kaburi la bibi yake. Alikufa kwenye sehemu ya pili. Lile gari lilikuwa la maiti. Niliwadanganya. Nisameheni."

Nimeona watu wakipokea habari za misiba mingi, lakini sijaona kama ile. Kwanza hakuna aliyeamini.

"Huyo ni bibi mwingine!"

"Tumeambiwa amelazwa!"

"Mwaka mzima tunaulizia hali ya maiti?"

Mama mwuza maandazi akapiga ukelele wa hasira, akasema, "Bibi mwenyewe si huyu hapa? Bibi! Ulituambia kahamishwa wodi! Kahamishwa kwenda wapi, mchangani?"

Wakacheka, na kile kicheko kilinichoma. Nikainamisha uso. Mzee aliyeomba kanisani alisimama akatoka.

Mjukuu wangu akaendelea kutafsiri. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kunyamaza wamsikie. Hakupamba tena. Hakutia Ndanda wala Kimakonde. Mzungu alichosema ndicho alichosema yeye. Mwishoni jengo refu likawa linaanguka na watu wamo ndani. Yule kijana akaingia katika ukuta, akaushikilia kwa mwili wake mpaka wa mwisho akatoka. Kisha akavua kinyago mbele ya mji mzima, wanaume, wanawake, watoto. Wanawake wote tukajifunika kanga usoni, hata tuliokuwa na hasira. Jambo lile halitazamwi. Niliyasikia yaliyobaki kwa masikio tu.

"Amekufa," mjukuu wangu akasema. "Hatarudi. Hakuna sehemu ya nne."

"Mwambie ainuke!" Fundi baiskeli alikuwa analia, mwanamume mwenye watoto watano. "We dada, si ndiye unayesema? Sema ameinuka!"

"Siwezi, kaka."

"Mara ile uliweza!"

Akaweka maiki chini. Vijana wakachana makasha yao. Mmoja alilivaa lake akatoka nalo hivyo hivyo, hataki uso wake uonekane. Wengine walibaki kwenye mabenchi wanatazama kioo kilichokuwa kinachemka chenga tupu. Wengine wakasema ile si filamu, mwenye banda kaletewa mkanda wa bandia, ule wa kweli bado uko njiani. Walishikilia hivyo kwa miezi.

Tulirudi nyumbani taratibu. Nilimgombeza njia nzima. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya soko. Nilimwambia kama ni kudanganya angedanganya mpaka mwisho, bibi mmoja wa kwenye mkanda kumfufua kunampunguzia nini? Alikuwa anatembea, anasimama, anatembea.

"Kwa nini ulidanganya mara ile?" nikamwuliza.

"Ulikuwa umekaa mbele, mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Nilimwona yule bibi, nikakuona wewe. Ningesemaje? Na sisi ndivyo tunavyofanya. Mjomba alipokufa kule Nanganga, ulinipeleka ukiniambia ni mgonjwa."

Ni kweli. Huku kwetu kifo hakisemwi hivi hivi. Mtu keshafunikwa shuka, jamaa anaambiwa njoo, mgonjwa hali yake si nzuri. Anapanda gari na watu wanaojua, kanga za msiba zimefichwa chini ya kikapu, wanamwuliza kama kala. Nimewafanyia hivyo watu wengi, na nilidhani ni huruma.

Nilipiga hatua mbili, tatu. Halafu nikasimama. Nikamgeukia. Alikuwa ameshika shina la mkorosho, mdomo una rangi ya bluu kidogo pembeni, na nikaona nilichokuwa nikikiona kila siku na kukipikia kisamvu.

"Ndanda walikuambia nini?"

"Bibi, nimechoka."

"Walikuambia nini? Usinitafsirie. Sema walivyosema wao."

Akakaa chini, kwenye vumbi, na nguo yake nzuri.

"Moyo," akasema. "Milango yake imeharibika, tangu utotoni, zile homa za viungo nilizokuwa naumwa. Kuna nchi wanapasua wanatengeneza. Hapa hawawezi. Dawa ni za kupunguza maji tu. Walisema labda nitaimaliza mvua hii. Nyingine hawakuisema."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Unafunga masufuria. Niliwaomba wasikuambie."

Sikulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia yule kijana wa kwenye kuta, nikamkasirikia yeye kwa kuubeba mzigo ule peke yake kuanzia Ndanda mpaka Newala, juu ya lori, huku mimi namsimulia habari za bei ya chumvi. Kisha nikafungua kanga, nikachuchumaa, nikamwambia apande mgongoni.

"Bibi, watu wanatutazama."

"Watazame. Nilikubeba ukiwa mzito kuliko sasa."

Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililonitoa machozi, uzito ule. Nilimbeba mpaka mlangoni.

Aliimaliza ile mvua. Akafika kwenye kiangazi, mikorosho ikaanza kuchanua. Banda lilipata mkalimani mwingine, yule mwalimu, na watu wakasema hana ladha. Fundi baiskeli alikuja siku moja na mama mwuza maandazi, wakakaa kwenye mkeka. Hawakujua waanzie wapi. Mwishowe yule fundi akasema, "Dada, tulikusema vibaya. Ilituuma tu."

"Hata mimi iliniuma, kaka," akamwambia.

Watu wananiambia heri nilijua mapema, nikapata kuagana naye. Sina hakika. Miezi niliyokuwa sijui nililala usingizi. Baada ya kujua nilikuwa nikikaa macho nasikiliza pumzi yake kama mtu anayechungulia moto usizimike. Lakini tulizungumza. Aliniuliza mama yake alikufaje, nikamwambia yote, damu na kila kitu, mambo niliyomficha tangu mdogo. Aliniambia nguo zake wapewe nani. Aliniambia kuna kijana alimpenda kule Masasi, hakuwahi kumwambia.

Asubuhi ya karibu na mwisho aliamka, akanitazama muda mrefu.

"Bibi, unaogopa?"

"Siogopi," nikasema.

Alijua naongopa. Aliniacha tu. Akasema miguu inamwuma, nikaiweka juu ya mapaja yangu, nikaendelea kuisugua.