Ukungu Nyuma ya Mama

Moshi wa kuni mbichi za miwati una uchachu fulani unaokaba koo, na hadi leo nikiunusa moyo hunidunda. Mwezi wa Juni, katika vilima vyetu kusini mwa Iringa, moshi huo haukupanda juu. Ulikutana na ukungu mlangoni vikachanganyika, na asubuhi nzima hatukuliona hata banda la mbuzi lililokuwa hatua ishirini tu. Nilikuwa na miaka minane, miaka ile ya hamsini ambapo wanaume wengi wa kwetu walikwenda kuchimba shaba Rhodesia ya Kaskazini. Baba naye alikwenda, akamwacha mama na mimba, na bibi, mama yake baba, akawa ndiye mwenye kauli nyumbani. Mdogo wangu Danieli alizaliwa baba hayupo, na mimi nikawa mlezi wake.

Baba aliandika barua kuomba picha ya mama. Mama akamwagiza mpiga picha wa mjini, bwana mmoja mwembamba aliyezunguka vijijini kwa baiskeli, sanduku la kamera amelifunga kwa mpira nyuma ya kiti. Bibi alitoa sharti moja tu. Katika nyumba yake, mtoto ambaye hajaota meno hakuonyeshwa kwa mgeni, seuze kwa lile jicho la kioo. Niliambiwa nikae na Danieli jikoni mpaka mgeni aondoke, nami nikaitikia vizuri sana kwa mdomo. Lakini moyoni niliona ni uonevu, baba apelekewe sura ya mama anayemjua, na mtoto asiyemjua afichwe kama chungu kilichotoboka. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama kando ya kihenge cha mahindi, mbali nyuma ya mama, Danieli nimembeba mgongoni, nimemsogeza aonekane begani kwangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tuliimbiwa methali hiyo kila siku. Hakuna aliyeniambia kwamba guu linaweza kuwa la mtu mwingine.

“Kamwene, mama,” mpiga picha alimsalimia, akiinama juu ya sanduku lake. “Tulia hapo hapo. Hili jicho nimelifungua wazi kabisa. Wewe utaonekana peke yako, mpaka nyuzi za kanga yako. Huko nyuma kutakuwa ukungu mtupu, hata vibanda vyenu havitaonekana.”

Mama alicheka kwa aibu, kwa sababu kweli vibanda vyetu vilikuwa vinamsumbua. Mimi nilisikia kila neno, lakini ukungu niliojua ni ule wa kuja na kuondoka.

Picha ililetwa na utingo wa basi baada ya wiki tatu. Mama alikuwa ametokeza kiasi cha kutaka kumsalimia. Ungeweza kuhesabu shanga zake. Nyuma yake vitu vyote vilikuwa vimeyeyuka, na katikati ya ule weupe palisimama kivuli kirefu chenye nundu. Bibi aliisogeza picha karibu na macho. “Hiki nacho ni nini?” Mama akasema labda ni kisiki. Mimi nilikijua. Kilikuwa mimi na Danieli, hatuna macho, hatuna midomo. Nilitoka nje nikajishika uso kuhakikisha bado upo.

Siku chache baadaye Danieli alianza kukohoa. Watoto wote hukohoa Juni, ndivyo mama alivyosema, lakini mimi nilikuwa na ujuzi wangu wa peke yangu, na niliuogopa mno. Niliamini ule ukungu wa kwenye picha umemwingia kifuani, na kwamba ukimmaliza yeye nitafuata mimi. Kila mama alipokwenda shambani nilifungua sanduku la bati, nikaitoa picha na kuangalia kama nyuso zimerudi. Siku moja nililowesha ncha ya gauni kwa mate nikaanza kuufuta ule weupe, polepole, kama mtu anavyofuta kioo chenye mvuke. Haukufutika. Kilichochubuka ni karatasi, na mama akanikuta hapo hapo.

Nilisema yote. Nilidhani nitachapwa, na ningefurahi kuchapwa. Lakini bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikaa chini taratibu. Jioni ile mama alikuwa amepanga kumpeleka mtoto zahanati ya misheni kesho yake alfajiri, mwendo wa nusu siku. Bibi alikataa. “Ugonjwa huu si wa sindano,” alisema. “Mtoto ameonyeshwa. Kwanza tumwondolee jicho la mgeni.” Mama hakuwa na ubavu wa kubishana na mkwewe, mume wake akiwa mbali vile. Siku mbili nzima Danieli aliogeshwa majani na kufukizwa, huku mbavu zake zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Siku ya tatu mama alimfunga mgongoni bila kuaga mtu, akaondoka. Mtoto hakufika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha nikaona mtoto anaugua, nikasema ukweli nikaona anakufa, na mpaka nikawa mtu mzima sikuweza kumweleza mwenzangu yeyote jambo hilo.

Picha alitumiwa baba hivyo hivyo, na mchubuko wake. Aliporudi alirudi nayo, imechakaa pembe, na mchubuko umeng’aa kwa kushikwashikwa na kidole gumba. Hakuwahi kuniuliza kitu. Alipofariki ilikuja kwangu.

Sasa naishi Mbeya kwa binti yangu, na mjukuu wangu anapiga picha za harusi. Ule ukungu anauweka kwa kidole kwenye simu, tena watu wanamlipa auweke; bwana na bibi harusi wanatokeza, na shangazi na wajomba wote wanayeyuka nyuma wakicheka. Mimi siwezi kuzitazama kwa muda mrefu. Juzi alinikuta na picha ya mama, akaniambia simu ya siku hizi inaweza kuondoa ukungu hata wa picha ya zamani. Sikumkataza. Alishughulika kidogo, kisha akanigeuzia kioo cha simu. Begani kwa yule msichana niliyekuwa mimi palikuwa na uso wa mtoto mchanga, mashavu mviringo, macho mawili meusi yaliyonitazama moja kwa moja.

“Bibi, ndiye yeye?” aliuliza.

Nilitaka kusema hapana, kwa sababu najua mashine imebuni tu. Nikatafuta kichwani sura ya Danieli niulinganishe uso ule nayo. Sikuikumbuka tena; kila nilipotafuta, ulionijia ni uso ule ule wa kwenye simu.