Ufa Ulioangalia Ndani

Mapema kabisa, kabla sijajua hata kukaza nati vizuri, nilifanya kosa moja. Niliona ufa katika jiwe, nikaligeuza jiwe ili ufa uangalie ndani. Jiwe hilo lilikuwa moja kati ya manne yaliyobeba pikapu yetu. Nililigeuza kwa sababu mawe mengine matatu yalikuwa yamechongwa vizuri, pembe nne sawasawa, na lile la nne lilikuwa linaniharibia sura ya kazi. Jambo hili nimelisema kwa mdomo mara mbili tu. Hii ni mara ya tatu, na bado mkono ni mzito.

Baba na wenzake waliotoka Nyeri walikuwa wameungana kununua shamba la setla mmoja, mkulima wa Kizungu, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Soy. Shamba liligawanywa kwa kura. Kila mwenye hisa alitia mkono katika kofia ya katibu akatoa kikaratasi chenye namba. Kuna waliopata kipande cha mtoni, na kuna waliopata majani mazuri ya ng'ombe. Sisi tulipata ardhi yenye mawe na, katikati yake, gereji ya yule setla: kuta za mbao, paa la mabati, sakafu ya saruji iliyopasuka upande mmoja.

"Umepata nyumba ya gari na huna gari," jirani mmoja alimwambia baba, watu wakacheka.

"Ng'ombe watalala humo," baba akajibu.

Hawakulala humo. Ile nyumba tupu ilimsumbua baba. Kila akipita mlangoni alisimama akaiangalia kama mtu aliyesahau kitu. Mwishowe akanunua pikapu kuukuu, tukaanza kubeba mikebe yetu ya maziwa na ya majirani hadi kiwandani mjini kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na nafasi ya sekondari sikupata. Setla alikuwa ameacha rafuni kitabu cha Kiingereza cha kurekebisha magari, kurasa zake zimeshikana kwa mafuta. Nilikisoma kwa kamusi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi. Hakukuwa na mwingine.

Katika kitabu hicho kulikuwa na picha ya mtu amelala chini ya gari, na gari limekaa juu ya miguu minne ya chuma. Niliitazama sana ile picha. Nikajiambia kwamba mzungu ametumia chuma kwa sababu anacho, na sisi tuna mawe. Nikachukua manne ya kujengea yaliyokuwa nyuma ya zizi. Ni mawe laini, yale yanayokatwa kwa msumeno. Nikainua pikapu kwa jeki yake ndogo, kona moja baada ya nyingine, nikaiweka juu yake. Nilisimama mlangoni nikaona imekaa kama kwenye picha, isipokuwa ule ufa. Basi nikaliinua gari tena kidogo, nikaligeuza jiwe.

Pikapu ilikaa juu ya mawe hayo siku tatu nikiangalia springi za nyuma. Nilikuwa sijaridhika na boliti moja. Baba alikuwa ameridhika tangu siku ya kwanza.

"Toka," akaniambia asubuhi ya nne. "Wewe utaikagua hiyo boliti mpaka maziwa yawe mtindi."

Akaingia mwenyewe chini ya gari kumalizia. Nilimsikia akigonga na nyundo. Kisha nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayevunja kuni, na nyuma ya gari ikashuka. Baba alikuwa ameshika ekseli kwa mkono wa kushoto. Nikainua gari kwa jeki, nikamtoa. Jirani alimpeleka mjini kwa trekta. Hospitali walimkata vidole viwili, kile cha mwisho na mwenzake.

Jioni hiyo, kabla hajarudi, nililichukua lile jiwe lililovunjika nikalizika kando ya mtaro, nyuma ya gereji.

Kilichofuata kilikuwa uchovu zaidi ya huzuni. Mkono uliokosa vidole viwili hauwezi kukamua sawasawa, na ng'ombe hana subira na mkono asioujua. Mama akachukua kazi ya kukamua wote. Pikapu ilibaki gerejini kazi haijaisha, na maziwa yakawa yanakwenda mjini kwa mkokoteni wa punda wa jirani, yanafika jua limeshawaka, na mara nyingine yanarudishwa. Mama alikuwa akikaa kizingitini baada ya kazi, viatu vya mpira bado miguuni, hana nguvu ya kuvivua.

"Yule setla alituachia mawe mabaya makusudi," alisema siku moja.

Setla hata hakuyajua mawe hayo. Yaliletwa na sisi.

Mimi nilikuwa sijaingia chini ya gari tena. Kila nikipiga magoti, mgongo ulikuwa unakataa. Nikajifanya natafuta kifaa bora. Nilianza kuchimba shimo ndani ya gereji, mtu aweze kusimama chini ya gari bila kuliinua. Mvua ilinyesha siku mbili na shimo likawa kisima. Nikafikiria mnyororo wa kuinulia, nining'inize gari kwenye boriti za paa. Nikafunga gunia la mahindi kwanza kuzijaribu. Boriti ilipinda kwa gunia moja. Nikafukia shimo, nikashusha gunia. Usiku nilikuwa nachora miguu ya chuma katika daftari, nafuta, nachora tena.

Setla mwingine alikuwa anaondoka na vitu vyake vilipigwa mnada shambani kwake. Kulikuwa na jeki kubwa ya magurudumu, ya kusukuma kwa mpini mrefu, ambayo huingia chini ya gari kama mtoto anavyoingia chini ya kitanda. Niliiona nikaipenda. Lakini chini yake kulikuwa na tone la mafuta. Nikalifuta, nikangoja nione kama litarudi. Nikaomba iinuliwe na mzigo. Nikaangalia tena. Nilipoinua kichwa, ilikuwa imeshauzwa kwa mtu mwingine, na dalali ananicheka: "Kijana, ulikuwa unataka kuinunua ama kuioa?"

Nilimweleza baba. Alikuwa anakunywa uji.

"Jumamosi naingia chini," akasema.

"Na nini, baba? Mawe yamebaki matatu."

"Na hayo matatu na gogo. Mama yako amechoka. Hujaona amechoka?"

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nilimjua baba. Akisema Jumamosi huwa ni Jumamosi.

Alhamisi nilikwenda mjini kwa miguu, nikaingia yadi ya mzee mmoja Msomali aliyekuwa na malori ya kwenda kaskazini. Nilikuwa nimewahi kupita nje nikaona lori zima limeinuliwa na watu wanakula chini yake, wamejikinga jua. Nilitaka kujua ni watu gani wanaoweza kula chini ya lori.

Wapakiaji wawili waliokuwa wamekaa juu ya magunia walinitambua. Habari ya vidole ilikuwa imefika kiwandani, na kutoka kiwandani hufika kila mahali.

"Huyu si ndiye wa mawe?"

"Ndiye. Ameleta kokoto leo."

Mwenye yadi alikuwa anagombana na dereva juu ya tairi. Nilingoja mpaka wakamaliza. Nikamsalimia, nikaeleza shida, nikamwonyesha daftari. Alifungua kurasa chache, akanirudishia.

"Umechora sana," akasema. "Unataka jeki gani?"

"Ile nzuri kuliko zote, mzee."

"Hakuna. Jeki yote inaanguka. Ile fupi ya chupa inaanguka, ya magurudumu inaanguka. Jeki ni ya kuinua tu. Ikishainua, kazi yake imeisha, unaweka stendi." Akaita mtu alete. "Na chini ya jeki weka ubao, kama sakafu yako imepasuka. Tairi ambayo iko chini weka kabari mbele na nyuma. Hiyo gurudumu umetoa, ilaze chini ya chesisi. Halafu kabla hujaingia, sukuma gari. Sukuma kama ni mtu amekutukana. Ikianguka, ianguke wewe ukiwa umesimama."

Stendi, kumbe ni ile miguu ya chuma ya kitabuni, zililetwa. Zilikuwa nne, za bomba nene la ekseli za malori, kila moja imechomelewa juu ya bamba pana la chuma. Zilikuwa na sura mbaya sana. Urefu ulilingana, hilo nililipima kwa kamba, lakini hakuna iliyofanana na mwenzake. Moja ilikuwa na alama kubwa ya rangi nyekundu shingoni, kama bandeji.

"Hii nyekundu ni nini?"

"Ilipasuka hapo, fundi akachomelea. Sasa inabeba, lakini inakaa kona nyepesi. Nimepaka rangi ndio kila mtu aone."

Machozi yalinijia mbele ya wale wapakiaji, na mmoja aliyekuwa ananicheka akageuka akaanza kufunga gunia lililokuwa limeshafungwa. Nikamweleza mwenye yadi yote: ufa, kugeuza jiwe, mtaro.

Akaniuliza:

"Babako anajua?"

"Bado."

"Basi hizi stendi sikupi."

"Mzee, Jumamosi anaingia chini na gogo!"

"Ndiyo. Na nikikupa, na kitu itokee, watu watasema stendi ya Msomali imeua mtu. Hawatasema wewe unaficha nyufa. Mwambie. Akikubali kufanya kazi na wewe, akuje yeye mwenyewe achukue."

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Njia yote nilikuwa napanga maneno, nayafuta, nayapanga tena, kama nilivyokuwa nafanya na michoro. Nilipofika, baba alikuwa zizini anajaribu kukamua ng'ombe mpole kuliko wote, na mama amesimama nyuma yake na ndoo nyingine. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yakapotea.

"Lile jiwe lilikuwa na ufa," nikasema. "Niliuona kabla. Niligeuza jiwe usionekane."

Baba aliendelea kukamua. Alimaliza titi aliloshika, akahamia lingine. Mama alikuwa ameweka ndoo chini.

"Liko wapi?" baba akauliza.

Nikachukua jembe nikaenda kulifukua. Nililileta vipande viwili. Mahali lilipovunjikia siku ile palikuwa peupe, na mahali pa ufa wa zamani palikuwa peusi, pameingia udongo wa miaka. Mtu yeyote angeona. Baba alipitisha vidole vyake vitatu juu ya ule weusi, polepole, mpaka ulipoishia.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kazi ionekane safi."

"Ionekane na nani?"

Katika gereji ile hakuna mtu aliyekuwa anakuja kuangalia. Tulikuwa sisi na ng'ombe.

"Na mimi nimemlaani yule setla mwezi mzima," mama akasema. "Hata kanisani." Kisha akachukua ndoo zote mbili akaenda nazo, na sikujua kama alikuwa anacheka au analia. Nadhani alikuwa amechoka tu.

Baba hakunipiga. Usiku huo nilimweleza habari ya yule Msomali, stendi zake na sharti lake. Ijumaa asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akaniambia, "Twende kwa huyo mtu wako." Kule yadini wale wazee wawili walisalimiana, wakazungumza habari za mvua na barabara ya Timboroa, na jiwe halikutajwa. Mwenye yadi aliuangalia mkono wa baba, akaita stendi zipakiwe kwenye mkokoteni wa punda tuliokuja nao. Kwa malipo alitaka mkebe mmoja wa maziwa ya jioni, na tuyalete yakiwa hayajachacha.

Jumamosi tukafanya kama alivyosema. Kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Ubao chini ya jeki. Nikainua nyuma ya pikapu, nikaweka stendi mbili chini ya ekseli, nikashusha jeki taratibu mpaka uzito wote ukakaa kwenye chuma. Kisha nikaipandisha jeki tena mpaka ikagusa tu, ikae hapo kama mlinzi. Magurudumu yaliyotolewa nikayalaza chini ya chesisi. Baba akaweka bega akasukuma. Pikapu ikatikisika na stendi hazikusogea. Akasukuma tena. Nikamwomba mara ya tatu.

"Mara mbili inatosha," akasema.

"Ya tatu, baba."

Akasukuma. Kisha akavuta kigoda akakaa karibu na gurudumu. Nilidhani atavua koti ili aingie.

"Leo ni wewe," akasema.

Nilipiga magoti, mgongo ukakataa kama kawaida. Nikalala chali nikajisukuma kwa visigino, nikaingia. Juu yangu kulikuwa na matope makavu, mafuta, na ile boliti. Pembeni niliona viatu vya baba, vimetulia mahali pamoja muda wote. Boliti yenyewe ilikuwa nzima tangu mwanzo. Niliikaza, nikatoka, nikarudisha magurudumu. Jumatatu maziwa yalikwenda mjini kwa pikapu.

Sasa nina miaka ishirini na mitano na bado nina wasiwasi. Bado nasukuma gari mara tatu. Mawe hayaingii tena gerejini. Kila kifaa chenye kasoro nimekipaka rangi nyekundu, na upande wenye kasoro unaangalia mlangoni. Baba hukagua kabla sijaingia chini, na mimi hukagua kabla hajaingia yeye. Mama bado ndiye anayekamua.